Trasti ya ukiwa hai au wasia? Mwanangu wa Marekani amenichanganya

Mama_Bombo
Salaam wote. Nina swali na naomba mnijibu bila haraka maana mimi darasa la saba. Mwanangu wa kwanza yuko Waltham, Massachusetts, mwaka wa kumi na moja huu. Wiki iliyopita kanitumia fomu kwenye WhatsApp, kurasa 22, anasema mama usiandike wasia, huko kwetu watu wanafungua trasti wakiwa hai, yaani mali inashikwa na wadhamini kwa faida ya watoto, mali yote inaingia mle, ukifa hakuna mahakama wala kikao cha ukoo, watoto wanaendelea tu. Mimi mjane, nina watoto watano. Nina nyumba Bombo, kibanja ekari nne Luweero, na mizigo sita, yaani vyumba vya kupangisha, Matugga inayonipa kodi. Mtoto wa nne ana umri wa miaka 24 lakini akili yake ni ya mtoto mdogo, hawezi kuhesabu chenji. Huyo ndiye anayeninyima usingizi, wengine watajitafutia. Sasa nifuate trasti au niandike wasia kama watu wote?

Kijana_Kikuubo
Mama andika wasia, basi. Trasti ni mambo ya matajiri wenye ndege. Hapa Uganda nani amewahi kuona trasti ya mizigo sita? Wasia ni karatasi moja na mashahidi wawili, imekwisha.

Ndugu_Boston
Kikuubo usikatae kitu hujakiona. Naishi huku, nimeona faida yake kwa macho. Mtu akifa Marekani na wasia peke yake, wasia lazima upitie mahakamani uthibitishwe, na majimbo mengine gharama inauma. California sheria inawapangia mawakili malipo kwa asilimia, 4 kwa dola 100,000 za kwanza, 3 kwa 100,000 zinazofuata, 2 kwa 800,000 zinazofuata hizo, na wanapiga hesabu kwa thamani ya mali nzima hata kama nyumba ina mkopo wa benki. Tena faili la mahakama liko wazi, jirani yeyote anaweza kwenda kusoma uliacha nini. Trasti inakwepa hayo yote, unakuwa msimamizi mwenyewe ukiwa hai, unaweza kuibadilisha au kuivunja siku yoyote, ukifa yule uliyemtaja anashika usukani siku hiyo hiyo. Prince yule mwanamuziki alikufa 2016 bila wasia wala chochote, ndugu zake wamemaliza kugawana 2022. Kwa hiyo kijana wa mama hajakosea, anaongea anachokiona huku.

Dereva_Malaba
Ngoja niwaambie ya kwetu. Baba aliandika wasia mwenyewe kwenye daftari la shule, lile la kurasa 48, akalifunga na uzi wa gunia akaliweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda pamoja na risiti za kodi na picha za jeshi. Alipofariki tukalifungua mbele ya ukoo. Kurasa tatu, mwandiko mzuri, kila mtoto na kipande chake hadi mwembe gani ni mpaka. Mashahidi walikuwa wawili, mmoja kaweka kidole gumba, wa pili ni kaka yetu mkubwa. Na huyo kaka ndiye aliyeandikiwa duka. Wee! Siku hiyo hata chakula cha matanga hakikuliwa. Wajomba wanasema kaka kamshika baba mkono akiwa mgonjwa, kaka analia anasema baba ndiye aliyemwita aje asaini kwa sababu alikuwa peke yake nyumbani. Mimi namwamini kaka. Lakini duka limefungwa miaka sita, mabati yamelika na kutu, panya wanazaa kwenye makabati.

Wakili_wa_Kijiji
Dereva pole sana. Hapo kuna kitu watu wengi hawajui. Shahidi wa wasia asiwe mtu anayerithi humo, wala mume au mke wake, kwa sababu anaweza kupoteza kile alichoandikiwa. Wasia wenyewe haufi, ila fungu lake ndilo linaloingia matatani. Kaka yako alifanya kwa nia njema na bado ikamgeukia.

Mama, nikujibu na wewe. Trasti Uganda ipo kisheria, tuna sheria ya wadhamini ya tangu enzi za Waingereza. Ila watu hawaitumii sana kwa familia, wanaitumia makanisa, misikiti, shule na mashirika. Fomu ya Massachusetts usiisaini kwa ajili ya ardhi ya hapa, ardhi inafuata sheria ya mahali ilipo. Kiwanja kiko Matugga, basi ni sheria ya Uganda, hata ukisaini mbele ya jaji wa Boston.

Kijana_Kikuubo
Haya nimekubali kidogo. Lakini bila wasia pia si mwisho wa dunia, serikali inagawa. Mjane asilimia 15, watoto 75, mrithi wa kimila 1, wategemezi 9. Nakumbuka tulisomeshwa.

Wakili_wa_Kijiji
Kikuubo hizo ni hesabu za zamani. Zile Mahakama ya Katiba ilizitupa 2007 pamoja na vifungu vingine vilivyokuwa vinabagua wanawake, halafu Bunge likakaa miaka mpaka marekebisho ya 2022. Sasa akifa mtu bila wasia ameacha wote hao, mwenzi aliyebaki anapata 20, watoto 75, wategemezi 4, mrithi wa kimila 1. Na ni mwenzi yeyote, mume au mke. Nyumba ya familia haiingizwi kwenye hizo asilimia, mjane na watoto wanakaa, na kumfukuza mjane kwenye nyumba hiyo sasa ni kosa la jinai.

Dereva_Malaba
Hiyo ya kufukuza mjane kuwa kosa la jinai ibandikwe kwenye kila mti wa kijiji.

Nubi_Binti
Mama samahani nikuulize kitu kimoja kabla hawa wakubwa hawajaendelea. Wewe ni wa Bombo, mtu wetu? Kama ni Muislamu haya maelezo yote yanabadilika.

Mama_Bombo
Ndiyo mwanangu, mimi Mnubi, na marehemu alikuwa Muislamu. Nashukuru umeuliza, mimi niliona aibu kuleta dini kwenye mambo ya sheria.

Ustadh_Arua
Hakuna aibu dada yangu, hapo ndipo penye mzizi. Kwetu warithi wameshapangiwa. Wasia unaruhusiwa, lakini usizidi theluthi moja ya mali baada ya madeni na mazishi, na hauwezi kumwandikia mtu ambaye tayari ni mrithi wako mpaka warithi wengine waridhie. Maana yake huyo mtoto wako wa nne ni mrithi, huwezi kumwongezea kwa wasia bila ndugu zake kukubali. Lakini milango ipo. Wa kwanza ni hiba, unampa ukiwa hai na anakabidhiwa kweli, si maneno ya mdomo. Hapo uwe mwadilifu kwa watoto, Mtume s.a.w. alikataa kumshuhudia mtu aliyempa mtoto mmoja akawaacha wengine, ingawa wanazuoni wamesema mwenye ulemavu au shida ya kweli anaweza kuzidishiwa. Wa pili ni wakfu wa familia. Unasema mizigo hii sita ya Matugga ni wakfu, haiuzwi, hairithiwi, kodi yake imtunze mwanangu huyu maisha yake yote, akifa iende kwa mayatima au msikiti. Unaweka mutawalli, yaani msimamizi wa wakfu. Hiyo ndiyo trasti mnayoipigia makofi, sisi tunayo tangu zamani.

Ndugu_Boston
Ustadh hilo la wakfu nakuunga mkono kabisa, huku kuna wasomi wanaosema hata Waingereza trasti yao waliiona kwanza kwa Waislamu. Wengine wanabisha. Lakini zinafanana sana.

Wakili_wa_Kijiji
Ustadh nakuheshimu, ila nimwonye mama. Katiba ibara ya 129 imetaja mahakama za kadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na ulezi, lakini tangu 1995 hazijasimamishwa ipasavyo. Familia ikielewana kugawana kisharia hakuna anayewaingilia, mnaandika makubaliano mnasonga mbele. Ikitokea mtoto mmoja akasema hapana, mimi nataka sheria ya nchi, kesi inaenda mahakama ya kawaida na huko watapiga hesabu kwa sheria ya nchi. Nimeziona familia za Kiislamu zimegawanyika hapo hapo, ndugu wa kiume wanadai sharia, dada zao wanadai Succession Act, sheria ya nchi ya mirathi.

Ustadh_Arua
Na mimi nimeona familia zisizo za Kiislamu zikichinjana kwa mapanga juu ya hiyo hiyo Succession Act. Tatizo si kitabu.

Nubi_Binti
Basi, basi, mama hajaja hapa kwa mdahalo. Mama, watoto wengine wanasemaje?

Mama_Bombo
Watatu wanasema wanakubali chochote nitakachosema. Mmoja hapokei simu nikianza hiyo mada.

Busia_Mkenya
Niaje majirani. Sisi upande huu trasti za familia zimeshika moto kweli. 2021 Bunge letu lilirekebisha ile sheria ya wadhamini, Trustees Perpetual Succession, ikaitambua rasmi trasti ya familia, unaisajili inakuwa kama mtu kisheria, na mwaka huo huo sheria ya fedha ikaleta afueni za kodi unapohamisha mali kuingia mle. Tangu hapo kila wakili wa Nairobi anaimba trasti, redioni, kwenye harusi, mpaka kwenye mazishi. Mama angekuwa Busia yetu ningemwambia asajili kesho.

Wakili_wa_Kijiji
Sawa ndugu, ila Busia mbili zimetenganishwa na sheria mbili. Hapa afueni kama hiyo usiitegemee. Ukihamisha ardhi jina kwa jina, mthamini wa serikali anakuja kuthamini na ushuru wa stempu kwa uhamisho wa kawaida ni 1.5% ya thamani. Kiwanja cha Matugga chenye mizigo sita kinaweza kuwa na thamani ya milioni 120, hapo ni milioni 1 na laki 8 kabla hujamlipa wakili wala mpimaji.

Mwanza_Mchapakazi
Habari za huko. Nasoma kimya kimya toka asubuhi. Sisi Tanzania tuna RITA, unaandika wasia unauweka kwao, kuna Kabidhi Wasii Mkuu, ukifa wasia haupotei chini ya kitanda kama wa baba yake Dereva. Huko kwenu hakuna kitu kama hicho?

Wakili_wa_Kijiji
Ofisi ipo, tunaiita Administreta Jenerali. Huyo ndiye anayetoa ile cheti cha kutopinga kabla hujaomba barua za usimamizi, yaani ruhusa ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu, kama marehemu hakuacha wasia. Unapeleka cheti cha kifo cha NIRA, ofisi ya usajili wa watu, barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji, wanafamilia wanakaa kikao, halafu mahakamani, halafu tangazo kwenye gazeti siku 14 kusubiri mwenye pingamizi.

Tajiri_wa_Matugga
Mimi nina njia ya tatu hamjaitaja. Sahauni trasti, sahauni wasia. Fungua kampuni. Siku hizi hata mtu mmoja anaweza kusajili. Ingiza mizigo kwenye kampuni, wape watoto hisa, kampuni haifi. Mimi nimefanya hivyo na nalala. Mama, tena majirani tu, njoo nikuonyeshe makaratasi.

Mhasibu_Jinja
Tajiri nyinyi mnasikia kampuni haifi mnasahau URA, mamlaka ya kodi, nayo haifi. Tupige hesabu ya mama. Mizigo sita tuseme kila mmoja 150,000 kwa mwezi, ni 900,000, kwa mwaka milioni 10 na laki 8. Mama kama mtu binafsi tangu Julai 2023 analipa 12% ya kile kinachozidi 2,820,000, kwa hiyo 12% ya 7,980,000 ni 957,600. Aiingize kwenye kampuni, kodi ni 30% baada ya kutoa gharama, na gharama hazikubaliwi zaidi ya nusu ya mapato. Hata akipata nusu nzima ya gharama inabaki 5,400,000, asilimia 30 yake ni 1,620,000. Kila mwaka. Halafu ripoti za kila mwaka za URSB, ofisi inayosajili kampuni, halafu mhasibu. Huyo mtoto wa nne anakula nini?

Tajiri_wa_Matugga
Nimeelewa, kwa mizigo sita labda haifai. Yangu ni ishirini na sita na maduka. Mama usinikasirikie, nia yangu ilikuwa njema.

Mwalimu_Gulu
Nimesoma toka juu mpaka hapa na mmebishana vizuri, lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la kwanza kabisa. Mama, hizo mali zimeandikwa jina la nani?

Mama_Bombo
Mwalimu umenigusa pale pale. Matugga ni jina langu, nilinunua 2016 baada ya marehemu, kwa pesa za kuuza mikeka na vikapu na alizotuma mwanangu wa Waltham. Hati ni ya mailo, umiliki wa kudumu, ninayo ndani. Nyumba ya Bombo na kibanja cha Luweero ni vya marehemu. Alifariki 2009, hakuacha wasia. Nilizungushwa ofisi moja miaka miwili, faili linapotea linaonekana, linapotea tena, nikapata barua za usimamizi 2011. Nikaziweka kwenye plastiki nikashukuru Mungu. Sijagawa chochote. Watoto walikuwa wadogo, tukaendelea kuishi.

Wakili_wa_Kijiji
Mama. Hapo sasa tusimame wote.

Barua za usimamizi hazikukupa mali, zilikupa kazi. Kazi ni kukusanya mali ya marehemu na kuigawa kwa warithi wake. Sheria ilitaka orodha ya mali ipelekwe mahakamani ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Halafu marekebisho ya 2022 yakaweka muda wa barua zenyewe kuwa miaka 2, ukitaka zaidi unaomba mahakama. Za kwako za 2011 zimelala kwenye plastiki muda mrefu sana. Kwa hiyo nyumba ya Bombo na kibanja cha Luweero huwezi kuziweka kwenye trasti, huwezi kuziandika kwenye wasia kama zako, sehemu kubwa ni ya watoto tayari tangu 2009. Chako ni fungu lako la ujane.

Ustadh_Arua
Na kisharia vilevile. Mjane mwenye watoto fungu lake ni thumuni, moja ya nane. Sehemu saba zilizobaki ni za watoto, na za wazazi wa marehemu kama walikuwa hai siku ile. Hapo mimi na Wakili tumekutana, kwa mara ya kwanza leo.

Nubi_Binti
Subhanallah. Yaani mama anabishaniwa trasti na wasia kumbe mali mbili kati ya tatu si za kuandika.

Mama_Bombo
Mimi nilidhani ni zangu. Miaka kumi na sita nimepiga rangi hiyo nyumba, nimebadilisha mabati, nimelipa busuulu, ada ya mwenye ardhi, ya kibanja kila mwaka, risiti zote ninazo.

Mwalimu_Gulu
Mama risiti hizo ni dhahabu, usizitupe hata moja. Zitakusaidia kuonyesha ulivyotunza.

Dada_wa_Lira
Mimi nataka kusema juu ya mtoto wa nne, maana mnaongelea hati na yeye hana hati. Kaka yangu alikuwa kama yeye. Baba yetu alifuata ushauri, akaacha wasia safi, mashahidi safi, akasema ng'ombe kumi na mbili na nyumba ya kupangisha ni ya kumtunza kaka, na baba mdogo awe mdhamini wake. Kila kitu kimeandikwa. Baba mdogo akauza ng'ombe wawili kwa ajili ya matibabu, tukakubali. Akauza wengine watatu tukaambiwa ukame. Mwaka wa pili akanunua boda mbili, akasema zitaleta pesa kwa ajili ya kaka. Siku moja nilienda nikamkuta kaka amekaa kwenye mlango wa jikoni na shati moja, lile la msiba, kola imechanika, anakula mihogo mibichi, na boda zimepita barabarani zimepakia abiria. Mimi sina cha kusema kuhusu trasti au wasia. Nasema mtu mmoja asishike peke yake.

Dereva_Malaba
Dada wa Lira, Mungu akupe nguvu. Nimesoma mara mbili.

Ndugu_Boston
Pole sana dada. Huku kwa watoto kama hao wanaweka wadhamini wawili au watatu, na mmoja anakuwa mtu wa nje ya familia, benki au wakili, na hesabu inatolewa kila mwaka. Mama, unaweza kuandika wasia halafu ndani ya wasia ukaunda trasti ya mtoto huyu, inaanza kazi siku ukifariki. Haikwepi mahakama lakini inamlinda. Na nisahihishe nilivyoanza, nilisifia trasti kama dawa ya kila kitu. Hata huku mtu anafungua trasti anasahau kuhamisha hati kuingia mle, anakufa, trasti iko tupu, nyumba inarudi mahakamani kama kawaida. Na Dereva usione aibu juu ya daftari la baba. Aretha Franklin alifariki 2018 wakadhani hakuacha wasia, mwaka uliofuata wakakuta daftari chini ya mito ya kochi. Baraza la raia wanaoamua kesi (jury) mahakamani Michigan lilikubali wasia wa kwenye kochi Julai 2023, watoto wake wakiwa wameshtakiana miaka.

Dereva_Malaba
Kumbe baba yangu na Aretha walikuwa na sanduku moja. Asante, nitamwambia kaka leo.

Ustadh_Arua
Wakfu una mutawalli na kadhi anayemsimamia. Ukiandikwa vizuri hauliwi.

Dada_wa_Lira
Ustadh, na kadhi akiwa mbali? Na mutawalli akifa? Hata ng'ombe wa kaka waliandikwa vizuri.

Ustadh_Arua
Sina jibu la kukuridhisha dada. Waweke watatu, kama ulivyosema.

Mwalimu_Gulu
Swali jingine dogo lakini zito. Mama, huyo mwanao wa Waltham bado raia wa Uganda? Ukimweka kuwa mdhamini na jina lake likaingia kwenye hati ya mailo na yeye ameshakuwa Mmarekani tu, kuna shida. Asiye raia hapa hapati mailo wala frihodi, yaani umiliki wa kudumu, anapata lizi tu, ya kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Uraia pacha upo tangu 2009 lakini hauji wenyewe, mtu anaomba.

Mama_Bombo
Aliapa mwaka juzi, alinitumia picha na bendera. Hajaniambia kama aliomba huku. Namuuliza leo usiku.

Tajiri_wa_Matugga
Bannange, hilo hata mimi sikulijua, na nina shemeji London kwenye hisa zangu.

Mhasibu_Jinja
Nenda kamuulize na wewe leo usiku.

Busia_Mkenya
Na kibanja cha Luweero? Sisi hatuna hiyo kitu kibanja, hebu mtufundishe.

Wakili_wa_Kijiji
Kibanja ni haki ya kukaa juu ya ardhi ya mtu mwingine, unalipa busuulu, mwenye mailo hawezi kukutoa ovyo. Kinarithiwa. Lakini ukitaka kukihamisha kwa mtu mwingine, ikiwemo wadhamini wa trasti, unahitaji idhini ya mwenye ardhi. Na wengine wakiombwa idhini ndipo wanapokumbuka kwamba upo.

Kijana_Kikuubo
Mimi ndiye niliyesema karatasi moja na mashahidi wawili imekwisha. Mama nisamehe, nilijibu haraka. Mama yangu mwenyewe yuko Kayunga kwenye hali kama yako, jina la baba kwenye hati, baba ametutoka 2014. Jumamosi naenda.

Nubi_Binti
Kikuubo ukienda piga picha mipaka na miti ya mpakani, na majirani wakiwepo. Kwetu walihamisha mti wa mpaka usiku, waliupanda ukiwa mkubwa hivi, asubuhi udongo bado mbichi.

Mama_Bombo
Nimerudi. Mwanangu nimeongea naye saa nne usiku kwake mchana. Hakuomba uraia wa huku, anasema hakujua kama inahitajika, ataanza wiki hii. Alinyamaza sana nilipomwambia nyumba ya Bombo si yangu peke yangu. Halafu akasema, mama kwa hiyo na mimi nina fungu? Nikamwambia ndiyo baba, tangu ukiwa sekondari. Yule asiyepokea simu nimemtumia ujumbe huo huo, kwamba ana fungu lake la baba tangu 2009 na nataka kumkabidhi. Amepiga mwenyewe leo asubuhi.

Nimetoa zile barua kwenye plastiki. Karatasi zimeshikana kwa unyevu, muhuri umeacha alama nyekundu kwenye ukurasa wa pili. Jumatano naenda na Nubi_Binti kumuona wakili juu ya hizo kwanza. Ya Matugga bado sijaamua, wakfu alionieleza Ustadh unanivuta, na maneno ya Dada wa Lira hayanitoki. Nauliza hili tu kwa anayejua: karatasi zilizoshikana hivyo unazitenganishaje bila kuchanika?

Dereva_Malaba
Mama usizivute. Ziache hivyo hivyo, ziweke ndani ya bahasha ya kaki, umpe wakili aombe nakala kutoka kwenye faili la mahakama. Za baba yetu tulizivuta.